Namna ya kuchora kwa kudondosha rangi bila kuishia na uchafu tu sakafuni

Watu wengi wakisikia uchoraji wa kudondosha rangi wanadhani ni kufungua kopo, kufumba macho, kurusha, basi, ikikauka unatundika sebuleni. Sawa, jaribu uone. Utapata madoa ya mviringo yametapakaa huku na kule, katikati dimbwi, pembeni kumebaki peupe, na mstari wa maana hata mmoja hakuna. Afu fungua picha ya Autumn Rhythm ya mchoraji Mmarekani Jackson Pollock hata kwenye simu, ivute kwa vidole uione kwa karibu: imejaa mistari, mirefu, inanenepa inakonda inageuka inapita juu ya mwenzake, madoa yapo ila machache kuliko unavyodhani. Jamaa alikuwa anachora mistari, tofauti ni kwamba fimbo yake haikugusa kitambaa, mstari unatengenezwa hewani ndo unaanguka chini. Kwa hiyo mwongozo huu karibu wote unahusu kupata mstari, maana kurusha kila mtu anajua.

Historia kidogo kwanza, usiiruke, itakusaidia mbele. Mwishoni mwa 1945 Pollock na mkewe Lee Krasner, naye mchoraji, walihama jijini New York wakaenda Springs, kijiji cha Long Island, kwenye nyumba ya dola 5,000 ambayo Peggy Guggenheim mwenye galari aliwakopesha dola 2,000 za kuanzia. Uani palikuwa na banda, mwaka 1946 wakalisogeza pembeni na Pollock akaligeuza studio, na picha zile zinazojulikana dunia nzima zilitoka humo kati ya 1947 na 1950, yani miaka michache tu. Hakuwa wa kwanza kudondosha rangi, hilo liwekwe wazi. Mwaka 1936 alishapita kwenye karakana ya David Alfaro Siqueiros, Mmeksiko aliyekuwa pale New York akiwafundisha vijana kumwaga na kunyunyiza rangi za viwandani. Na kulikuwa na Janet Sobel, mama wa Brooklyn mzaliwa wa Ukraine, picha yake ya Milky Way ya 1945 iko makumbusho ya sanaa ya MoMA pale New York mpaka leo, mistari imedondoshwa imejaa kona zote. Pollock aliziona kazi zake, na mhakiki Clement Greenberg aliandika baadaye kwamba Pollock alikiri zilimgusa. Ila Greenberg huyo huyo alimtaja Sobel kama mama wa nyumbani tu, na kwa miaka mingi jina lake likawa halisikiki. Mi naona kabla hujamwiga Pollock itazame Milky Way, kwa mtu anayeanza ina somo zuri zaidi kwa sababu ni ndogo na unaona kila mstari umetoka wapi.

Haya tuanze.

Hatua ya 1: Sehemu na kitambaa

Unahitaji sakafu. Veranda, gereji, uani chini ya bati, popote pasipo na upepo, maana upepo unapindisha uzi wa rangi ukiwa bado hewani na unaleta vumbi. Tandika nailoni ya ujenzi kwanza, juu yake kitambaa, na pande zote nne ubakize nafasi ya kupita bila kukanyaga.

Kwa nini sakafuni na sio ukutani? Ukiweka wima, rangi inateleza kwenda chini na mistari yote inaelekea upande mmoja utake usitake. Sakafuni hakuna juu wala chini, unazunguka unachora kutoka pande zote. Pollock aliandika mwaka 1947 kwamba sakafuni anajisikia yuko karibu na picha, yuko ndani yake kabisa, na akasema njia hiyo inafanana na ya wachoraji wa mchanga wa Wahindi Wekundu wa magharibi mwa Marekani, watu kama Wanavajo wanaochora kwa kudondosha unga wa rangi chini kwa mkono.

Kitambaa: pamba nzito isiyopaushwa, ile merikani nzito inafaa, au turubai ya pamba kwa mafundi wa mahema. Hadibodi nayo sawa. Kama utatumia rangi ya mafuta, kipake kwanza kitambaa rangi ya maji nyeupe iliyopunguzwa, mara mbili, iache ikauke, kwa sababu mafuta yakiingia moja kwa moja kwenye pamba yanaila taratibu miaka ikienda. Ndio, Autumn Rhythm ilichorwa juu ya kitambaa kitupu kabisa, ila ile ina mafundi wa makumbusho ya Metropolitan wanaoilinda, ya kwako itakaa sebuleni.

Ukubwa usipungue mita 1 kwa mita 1 na nusu. Sio maringo, ni kwamba kwenye kipande kidogo unachora kwa kiganja tu na mistari inatoka mifupi ya woga. Mkono ukizunguka kutoka begani ndo unapata mstari mrefu. Autumn Rhythm ina karibu mita 2.7 kwa 5.3, huwezi kuifikia katikati bila kutembea, na ule mwendo wa kutembea unaonekana kwenye mistari.

Huna nafasi kabisa? Fanya alivyofanya Krasner. Wakati mumewe ana banda zima, yeye alikuwa anachorea kwenye chumba cha kulala cha juu, na humo zikatoka picha ndogo ndogo zinazoitwa Little Images, kati ya 1946 na 1950, kitambaa kimelazwa bapa, rangi nzito, nyingine imedondoshwa. Meza inatosha. Kijiti kiwe kifupi na rangi iwe nzito kidogo, mengine yote chini hapa ni yale yale.

Hatua ya 2: Rangi, hapa usikimbie

Wengi wanaharibu hapa. Wananunua zile tyubu ndogo za rangi za wasanii, bei juu, afu zinatoka kama dawa ya meno, hazimwagiki. Pollock aliachana nazo kwa sehemu kubwa, akatumia rangi za kawaida za nyumba, zile za mafuta zinazong'aa, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu, kopo kubwa, na zinatiririka. Kwa hiyo nenda duka la vifaa vya ujenzi, chukua rangi ya mafuta ya kung'aa, nyeusi lita moja, nyeupe lita moja, na nyingine mbili makopo madogo. Usichukue rangi saba. Na uchukue tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta (thinner).

Changanya hivi: rangi vipimo vinne, tina kipimo kimoja, koroga polepole usiingize mapovu. Afu pima. Chovya kijiti, kinyanyue mpaka usawa wa kiuno, angalia kinachoshuka. Kikishuka matone matone, umeiyeyusha mno, ongeza rangi. Kikianguka mabonge na kusimama, ni nzito, ongeza tina kidogo sana. Unachotaka ni uzi mmoja unaoshuka bila kukatika kwa sekunde mbili tatu hivi, ukikonda mwishoni ndo ukatike. Hicho kipimo cha uzi ndo cha kukifuata kuliko vipimo vyangu, maana rangi za makampuni hazifanani, na joto nalo linabadilisha, saa sita mchana rangi ile ile inakuwa nyepesi kuliko asubuhi.

Rangi ya maji ya ukutani je? Inawezekana na haina harufu, ila peke yake inapenda kukatika matone. Weka gundi nyeupe ya mbao, kama robo ya rangi, na maji kidogo kidogo, itaanza kuvutika. Mng'ao wa rangi ya mafuta hautaupata, lakini kama una watoto nyumbani tumia hii na wala usijiulize mara mbili.

Kwa wanaotumia mafuta na tina: madirisha wazi, sigara hapana, jiko la mkaa au gesi lisiwe karibu, glavu mikononi. Matambara yaliyolowa rangi usiyaviringishe ukatupa kwenye ndoo, yanaweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka, yatandaze nje yakauke. Na tina iliyotumika usimwage kwenye mfereji.

Hatua ya 3: Vifaa

Fupi hii. Vijiti vya mbao vya sentimita 30 mpaka 40, brashi kuukuu iliyokauka ikawa ngumu, mwiko wa fundi, bomba la sindano kubwa lisilo na sindano. Pollock alitumia karibu hivyo hivyo, vijiti, brashi zilizokakamaa, miko, na mabomba ya jikoni ya kunyunyizia mchuzi kwenye nyama. Kopo lenye tundu linaloning'inia kwenye kamba nalo lipo, mchoraji Max Ernst alilichezea mwanzoni mwa miaka ya 1940, ila mi silipendi, linachora miviringo yenyewe na we unabaki kuangalia.

Kijiti kinabeba rangi kidogo na kinakupa mstari wa sekunde chache. Bomba linabeba nyingi na mstari unaenda mbali zaidi. Anza na kijiti.

Hatua ya 4: Mkono

Kabla ya kugusa kitambaa tandaza magazeti au maboksi yaliyokunjuliwa, ufanye mazoezi mpaka uchoke. Kuna vitu vitatu tu unavyoviongoza: urefu kutoka chini, kasi ya mkono, na kiasi cha rangi kwenye kijiti. Kila kitu kinatokana na hivyo.

Urefu. Ukiwa chini, sentimita 10 hivi, mstari unatii sana ila unatoka mzito na unatetemeka na mkono wako. Ukiwa usawa wa kifua uzi unakonda kabla ya kufika, na mkono wako ukipinda ghafla, chini inafika pinda laini, kama vile rangi imesawazisha makosa. Uzuri wa mistari ile upo katikati ya hayo mawili, kati ya goti na kiuno, cheza humo.

Kasi. Simamisha mkono uone: uzi ukifika chini unaanza kujikunja vijiduara vidogo, kama asali ikidondokea kwenye mkate. Sogeza mkono polepole, vijiduara vinafuata mnyororo. Ongeza kasi, vinafunguka vinakuwa mawimbi, ongeza tena, mstari unanyooka. Wanafizikia walilichunguza hili, mwaka 2019 walichapisha utafiti baada ya kupima video za Pollock akifanya kazi, wakaona kwamba kasi ya mkono wake na urefu aliokuwa anadondoshea vilikuwa vinakwepa ule mkunjo, kwa hiyo mistari yake ilitoka mirefu iliyonyooka au yenye pinda anazozitaka yeye. Hiyo ndo sababu nikisikia mtu anasema ile ni bahati nasibu nacheka. Pollock mwenyewe alisema kwenye filamu ya mpiga picha Hans Namuth kwamba anaweza kuongoza mtiririko wa rangi na hakuna ajali, na mwaka 1950 jarida la Time lilipomhusisha na vurugu, aliwapigia telegramu kuwaambia hakuna vurugu, tena na neno kali juu.

Kiasi. Chovya, inua, subiri tone kubwa la kwanza lidondokee ndani ya kopo, ndo uende kwenye kitambaa. Ukiruka hilo kila mstari wako utaanza na doa.

Mazoezi yenyewe sasa. Chora mstari ulionyooka huku unatembea kutoka mwanzo wa boksi mpaka mwisho. Afu mstari ule ule ila punguza kasi katikati, uone unavyonenepa. Afu duara kubwa kutoka begani, kiganja kimekaza. Afu ya mwisho ambayo ni ngumu kuliko zote, kumaliza mstari bila kuacha doa: usisimame, endelea kusogea na uzungushe kijiti ncha iangalie juu. Ukiona mistari mitatu mfululizo imetoka ulivyotaka, nenda kwenye kitambaa.

Hatua ya 5: Anza na rangi moja

Nyeusi. Namuth alimpiga picha Pollock akitengeneza Autumn Rhythm na unaona wazi alianza na nyeusi iliyoyeyushwa, akaweka mifupa ya picha nzima, ndo baadaye zikaja nyeupe, kahawia na ile ya bluu-kijani kidogo. Fanya hivyo. Zunguka kitambaa, kila upande utoe mistari mirefu kadhaa, usikae sehemu moja. Kuhusu kingo kuna njia mbili: aidha mstari uanzie nje kwenye nailoni uingie ndani utokee upande wa pili, au ugeuke kabla haujafika ukingoni. Pollock mwenyewe mara nyingi aliugeuza, angalia Autumn Rhythm pembeni utaona mistari inarudi ndani na kitambaa kitupu kinabaki, ndo maana picha inaonekana imejitosheleza, haikukatwa kutoka kwenye kitu kikubwa zaidi. Kugeuza ni kugumu ila jitahidi.

Hatua ya 6: Tabaka za juu

Ukiweka nyeupe wakati nyeusi bado mbichi, zinaingiliana na kupata michirizi ya kijivu. Ukisubiri masaa kadhaa mpaka ya chini ishike, mstari wa juu unakaa safi juu ya wa chini na picha inapata kina. Vyote vinaruhusiwa, ila uchague, usifanye kwa sababu umechoka kusubiri. Ushauri wangu nusu ya picha isubiri.

Rangi ziwe chache. Kuna picha ya Pollock inaitwa Lavender Mist, ya 1950, iko National Gallery of Art kule Washington, na jina lile la zambarau alilipendekeza Greenberg, wakati kwenye picha rangi ya zambarau hakuna. Kuna nyeusi, nyeupe, pinki, bluu na kadhalika, jicho lako ndo linazichanganya ukirudi nyuma hatua kadhaa. Kwa hiyo kila baada ya tabaka simama mbali, ikiwezekana juu ya kiti au ngazi, uangalie.

Unaweza pia kuweka vitu. Full Fathom Five ya 1947 ina misumari, vifungo, funguo, sarafu, sigara na viberiti ndani ya rangi. Na mkono wako mwenyewe unaruhusiwa, kwenye Number 1A, 1948 alama za viganja vyake ziko juu kulia. Ila usijaze.

Hatua ya 7: Kujua pa kuachia

Hapa ndo inabidi tuzungumzie hii sanaa ilikaa wapi, maana huwezi kujua imeisha kama hujui unatafuta nini. Huna uso wa mtu wa kumalizia, huna mti wala mlima. Baada ya Vita Kuu ya Pili kundi la wachoraji pale New York, Pollock, Krasner, Willem de Kooning, Mark Rothko, Barnett Newman, Franz Kline, Norman Lewis na wengine, waliacha picha za kuelezea kitu wakataka picha yenyewe iwe ndo kitu. Robert Coates wa jarida la The New Yorker aliiita ekspreshonizimu ya abstrakti mwaka 1946 na jina likaganda, japo ukiwaweka Rothko na Pollock chumba kimoja huoni undugu, mmoja ana mawingu makubwa ya rangi yaliyotulia, mwingine mistari isiyokaa chini.

Wahakiki nao hawakuelewana. Harold Rosenberg aliandika mwaka 1952 kwamba kitambaa kimekuwa uwanja wa kutendea, kinachobaki ni kumbukumbu ya tendo. Greenberg yeye akasema hapana, angalia picha, angalia jinsi uso wote ulivyo na uzito sawa, hakuna katikati wala pembeni. Picha na filamu za Namuth zilimpa ushindi Rosenberg mbele ya umma, watu wakaona mwanaume anazunguka na kopo akiinama na kuruka wakasahau kuangalia alichokichora. Mi niko upande wa Greenberg hapa, angalau ukiwa na kijiti mkononi, kwa sababu "nimetenda" haikuambii lini uache, ila "uzito sawa" inakuambia. Pita na macho kona hadi kona. Jicho likinasa sehemu moja na kukataa kuondoka, pale pamezidi, na dawa sio kufuta bali kupitisha mistari michache ya rangi nyingine juu yake, au kuongeza uzito sehemu zilizo mbali napo. Jicho likizunguka bila kukwama, weka kijiti chini. Usiongeze "kimoja tu cha mwisho".

Na kama hujui, iache. Pollock alikuwa anazitundika ukutani anakaa nazo siku nyingi, kufahamiana nazo kama alivyosema, kabla ya kuamua.

Hatua ya 8: Kukausha, kukata, kutundika

Mistari myembamba inakauka siku moja mbili, madimbwi yanaweza kuchukua wiki na juu yakafanya ngozi iliyokunjamana, usiyabonyeze. Iache bapa mpaka kila kitu kiwe kigumu, ukiinua mapema rangi inateleza na kazi yote ya sakafuni imeenda.

Afu itundike upande mmoja, geuza, geuza tena. Sasa ndo unachagua juu ni wapi. Ukiona sehemu ya pembeni imelala, kata. Krasner alisimulia jinsi mumewe alivyokuwa anamwita kumuuliza akate hapa au pale, chini iwe upande gani, kwa hiyo mkasi nao ni sehemu ya kuchora. Jina ukishindwa weka namba, Pollock kuanzia 1948 ndo alivyofanya, watu waangalie picha wasianze kutafuta samaki kwenye mistari.

Ukishazoea hii

Jaribu njia ya mchoraji Helen Frankenthaler. Mwaka 1952, akiwa na miaka 23 na akiwa ameshaona kazi za Pollock, alilaza kitambaa kitupu sakafuni akamwaga rangi ya mafuta iliyoyeyushwa sana mpaka ikawa maji maji, ikanywewa na kitambaa badala ya kukaa juu, ikatoka Mountains and Sea, na wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walipoiona mwaka uliofuata wakarudi Washington kubadilisha uchoraji wao. Hapa sheria zangu nyingi za juu zinageuka: kitambaa usikipake kitu, rangi iwe nyepesi kabisa, na badala ya kijiti unatumia kikombe na sponji. Ila mafuta yake yalitoka nje ya rangi yakaacha duara za kahawia kwenye pamba, kwa hiyo we tumia akriliki na maji, lowesha kitambaa kwanza kwa kukinyunyizia, na chini ya nailoni weka magazeti mengi maana hii inavuja kuliko ile.